Betri Niliyoianika Kama Dagaa

Mke wangu aliwahi kuniuliza, kabla hajaanza kuumwa, kwa nini nikisimulia kitu lazima nianzie mbali. Nikamwambia mimi shule niliiacha darasa la nne, sikufika pale wanapofundisha kufupisha. Basi na hii nitaianzia mbali kidogo, ila niseme kabisa inakoelekea msije mkaniacha njiani. Inaelekea kwenye foleni ya kivuko, upande wa Sengerema, mchana wa jua kali. Mke wangu amevimba uso na miguu, pumzi zinamkatika, mashine ya kusafisha damu inamngoja ng'ambo Mwanza, na gari halitaki kuwaka. Daraja wakati ule lilikuwa bado nguzo tupu zimesimama majini. Wanaovuka leo kwa dakika chache hawawezi kujua ile foleni ilikuwaje.

Sasa nianze na redio.

Kwetu ni upande wa Bujora, na baba yangu alikuwa na redio ya kahawia yenye kufunikwa kitambaa kama mgeni wa heshima. Ilikuwa inakula betri zile kubwa za duara. Zikianza kuchoka, mtangazaji anaongea kama mtu anayezama. Baba alizitoa, akazipanga juu ya jiwe nyuma ya nyumba, na sisi watoto tukawekwa kuzilinda kuku wasizipindue. Jua lilizipiga mchana kutwa. Jioni akizirudisha, redio inaongea, si kwa nguvu sana lakini inatosha kusikiliza matangazo ya vifo, kwa sababu hayo ndiyo watu wa kijijini kwetu walikuwa wanayangoja, nani kafa wapi na anazikwa lini. Wako waliokuwa wanaziuma betri kwa meno. Baba alisema hao wanajitafutia sumu bure, jua linatosha. Hakuna nyumba niliyoijua ambayo haikuanika betri. Kwa hiyo mimi nilikua najua hivyo, kwamba betri ikichoka unaipeleka juani, kama unavyojua mtu akisikia baridi unampa nguo.

Somo la pili nililipata ujanani nikiwa utingo wa lori. Tulikuwa tunapanda nyanda za juu, kule Njombe na Makete, kufuata mbao na viazi. Huko asubuhi unakuta majani meupe, umande umeganda, ukikanyaga yanalia kama unakanyaga chumvi. Mtu wa Mwanza kule anadhani amekufa tayari. Lori nalo likawa hivyohivyo, ukizungusha ufunguo linaguna mara moja linanyamaza. Dereva wangu alikuwa mtu mfupi mwenye hasira, usiku ananiamuru nifungue betri niiingize chumba tulicholala, niiweke karibu na jiko la mkaa. Mimi nilikuwa nalala kwenye gunia, betri inaota moto. Nikimlalamikia ananiambia, "Wewe ukifa napata utingo mwingine. Hii ikifa tunalala huku mwezi." Na asubuhi lori linawaka kwa mara moja. Hapo nikamaliza elimu yangu ya betri. Baridi inaiua, joto linaifufua. Baba alisema kwa jiwe, dereva akasema kwa jiko, na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu mara zote mbili. Mtu angekuja kuniambia vinginevyo ningemcheka.

Nimefika sasa kwa mke wangu.

Tulizeekea ng'ambo ya Sengerema, kwa watu wake, kwenye shamba la mihogo lenye mawe mengi kuliko mihogo. Figo zake zilipoacha kazi, hospitali ya mjini wakasema lazima afike kwenye mashine mara mbili kila wiki, na asikose. Mwanzo tulikuwa tunakwenda kwa bodaboda hadi kivukoni, tunavuka kwa miguu, halafu ng'ambo tunaanza kutafuta usafiri mwingine, na kutoka pale hadi mjini si hapa na pale, ni safari. Siku alipoteleza kutoka kwenye pikipiki nikiwa nimemshika mimi mwenyewe, watoto wetu wakachanga, wakatununulia gari dogo la Kijapani, la zamani, lakini viti vyake vizima. Mke wangu alilipenda. Aliweka kitambaa alichofuma kwenye dashibodi. Nikamwambia gari si kochi, akaniambia mbona mimi nimekaa humo kama niko kwenye kochi.

Kasoro yake kwangu ilikuwa moja, lilikuwa oto. Mimi nilijifunza magari ya gia ya mkono, ambayo betri ikigoma watu wanasukuma, unaachia klachi, linashika. Oto halisukumwi likawaka. Nililijua hilo, lakini nilikuwa sijalipata bado mwilini.

Mwaka ule jua lilikuwa jua la kweli. Mvua za vuli zilichelewa, ardhi ikapasuka, yale mawe ya shambani usiku kucha yanatoa joto kama tanuru la tofali lililofungwa. Gari lilikaa nje bila kivuli, na ukifungua mlango mchana joto linakusukuma kifuani. Ndipo stata ikaanza kuvuta pole. Ng'aa, ng'aa, ng'aa, halafu linawaka kwa huruma. Nikasema betri imechoka. Na betri ikichoka mimi nilikuwa najua cha kufanya.

Niliifungua asubuhi, nikaibeba hadi kwenye jiwe bapa karibu na jiko, pale mke wangu alipokuwa anamalizia kukausha dagaa. Nikaiweka pembeni ya dagaa zake. Alikuwa amekaa mlangoni, miguu juu ya stuli. Akaniangalia muda mrefu.

"Na hiyo utaigeuza lini upande wa pili?" akaniuliza.

Nikamjibu haya mambo ya wanaume. Akasema wanaume wa wapi, wa kuanika betri kama dagaa, basi niinyunyizie na chumvi isiharibike. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, kwa sababu kumsikia anacheka siku zile ilikuwa kitu cha kukaa nacho siku nzima. Mchana nikairudisha betri ikiwa ya moto hata sikuweza kuishika bila tambara. Nikazungusha ufunguo. Gari likawaka papo hapo, kama jipya. Nikampigia honi. Akapunga mkono kama bibi harusi.

Basi ikawa desturi. Kila tukitaka kwenda kwenye mashine, betri inakwenda kwanza kwenye jiwe, na kila mara inawaka. Ilianza kutoa harufu, ile ya yai lililooza. Nikasema nguvu zinaamka. Ubavu wake ukaanza kuvimba kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. Nikasema imeshiba. Maji yake sikuyaangalia hata mara moja, maana betri za redio za baba hazikuwa na maji, na lile lori maji yake aliyaangalia dereva. Kulikuwa na wagonjwa wawili wanavimba pale nyumbani, na mimi nilimwona mmoja tu.

Sasa ile wiki. Wiki ile kivuko kiliharibika siku ya zamu yetu, hatukuvuka. Mashine ikatupita. Nyinyi mliouguza mtu wa namna hii mnajua maana yake. Maji yote anayokunywa hayana pa kutokea. Siku ya pili uso ulikuwa si wake. Siku ya tatu hakuweza kulala chali, analala amekaa, ameegemea ukuta, na mimi nimeegemea upande wa pili nasikiliza kama anavuta pumzi inayofuata. Hospitali walisema kwenye simu mleteni kesho bila kukosa, nafasi yake ipo mpaka saa nane, ikipita hapo inachukuliwa na mwingine.

Kesho yake niliianika betri mapema kuliko siku zote, nikaiacha jiweni mpaka dakika ya mwisho. Ikawaka. Tukafika kivukoni, na kwa sababu ya siku zile za kuharibika foleni ilikuwa imejikunja kama nyoka. Malori ya ng'ombe, malori ya mahindi, watu wamekaa chini ya matela wanatafuta kivuli. Nikazima injini. Yeye akataka feni, nikamwashia feni, inavuma hewa ya moto lakini angalau inavuma. Mbele wakisogea, nawasha, nasogea, nazima. Feni inaendelea. Nilikuwa namwangalia yeye, sikuwa naangalia taa za dashibodi.

Zamu yetu ilipofika, mfanyakazi wa kivuko akaniita kwa mkono. Nikazungusha ufunguo. Tik. Nikarudia. Tik. Feni nayo ikapunguza, ikapunguza, ikasimama, na ndipo nikasikia pumzi za mke wangu zilivyo. Muda wote feni ilikuwa inazifunika.

Nyuma wakaanza honi. Vijana wapakiaji wakaja, wakasukuma, na mimi nakanyaga na kuzungusha kama mwendawazimu, mpaka mmoja akaegemea dirisha anatweta.

"Babu, hii oto. Hata tukisukuma mpaka Geita."

Mwenzake akasema labda ipewe uji. Wakacheka, halafu wakamwona aliyekaa kiti cha pembeni, wakaacha kucheka, mmoja akavua kofia akaanza kumpepea kwa dirishani. Sikumjua jina, na sijamwona tena.

Nyuma yangu kulikuwa na pikapu ya mama mmoja mwenye duka la spea kule Mkuyuni, Mwanza mjini. Ni mtu wa familia ya Kihindi, lakini babu zake wamezikwa hapahapa, na Kisukuma anakiongea kuliko watoto wangu. Nilikuwa nanunua kwake mafuta ya breki na vitu vidogovidogo. Akashuka amejifunika mtandio kichwani kwa ajili ya jua, akanipa shikamoo, akampa na mke wangu, halafu akaniambia nifungue boneti. Akaiona betri. Aliuweka mkono karibu na ule ubavu uliovimba, akautoa haraka.

"Mzee, hii umeipika?"

Nikamwambia nimeianika. Tangu lini? Tangu jua lilipoanza kuwa kali. Dereva wake akageuka pembeni mabega yakimtingishika. Mke wangu kutoka ndani ya gari, kwa ile sauti ya kukatika, akasema, "Nilimwambia aigeuze."

Nikajitetea. Nikaeleza Makete, lori, jiko la mkaa. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, na hakunicheka.

"Kule ilikuwa inasinzia tu, mzee," akasema. "Baridi inailaza, ukiipasha inaamka, haijapata hasara. Joto la huku ni jingine. Linakausha maji ndani, linakula zile pleti zinazotunza chaji. Kila ulipoianika ikawaka, ulikuwa unaikamua."

Neno hilo la kuikamua limekaa kichwani mwangu kuliko mengi niliyoambiwa na watu waliosoma. Lakini wakati ule halikunisaidia kitu. Nilimwuliza tufanyeje. Akamwita dereva wake, wakaleta waya za kubusti, wakasogeza pikapu ubavu kwa ubavu, watu wanatukana nyuma. Gari likawaka. Mama wa spea akaniambia usizime, ukizima ndiyo basi, hii haina tena cha kushika. Nikaliingiza taratibu kwenye lile bamba la kupandia kivukoni, magurudumu ya mbele tayari yako juu ya chuma, nikaanza kuona kama tumeshafika.

Yule mfanyakazi akasimama mbele yangu, kijana mwenye kizibao cha kung'aa.

"Zima gari, mzee."

Nikamwambia nikizima halitawaka tena.

"Basi huwezi kupanda. Ndani kuna lori la mitungi ya gesi. Na ukikwama kule ng'ambo mtu hashuki."

Nilimwomba. Nilimwita mwanangu, nilimwita baba, nilimwonyesha mke wangu. Akasema amemwona, na uso wake ulionyesha amemwona kweli, lakini akabaki amesimama palepale. Sikumchukia hata siku ile. Alikuwa na watu wengi nyuma ya mgongo wake. Mimi nilikuwa na mmoja. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikaona kila upande umefungwa. Nikizima, nimekwama. Nikiliacha limewaka, sipandi. Nikirudi nyuma, saa nane inapita. Nilianza kulia nikiwa nimekanyaga breki, mzee mzima, na sijui ningekaa hapo mpaka lini.

Nikasikia mlango wa upande wake unafunguka.

"Wewe rudisha gari lako," mke wangu akasema. "Mimi naenda."

"Utaendaje peke yako?"

"Kwa miguu. Kwani na miguu uliianika?"

Alishuka kwanza kwa mguu mmoja, akapumzika, halafu wa pili. Mama wa spea akawahi akamshika kwapani, yule kijana wa kofia akamshika upande mwingine. Wakampandisha kwenye lile bamba hatua kwa hatua, kanga inamburuza nyuma. Nilitaka kushuka nimfuate, lakini gari lilikuwa katikati ya njia linaunguruma na kila mtu ananipigia kelele nirudi nyuma. Nikarudi nyuma. Kwenye kioo naangalia nyuma, na kwa macho natafuta mbele. Pikapu ikapita. Nilimwona anaingizwa humo, nikaona kiganja chake kwenye kioo, halafu bamba likanyanyuliwa na maji yakaingia katikati yetu.

Nilipolitoa gari pembeni ndipo nikaiona simu yake imebaki kwenye kiti. Sikuwa na namba ya mama wa spea. Nilijua njia ya dukani kwake, namba sikuwahi kuihitaji.

Nilikaa ndani ya lile gari, injini inaunguruma, kivuko kinapungua kule majini kati ya zile nguzo za daraja. Niliogopa kuzima. Niliangalia mshale wa mafuta, niliangalia mshale wa joto ukipanda, nikawa nasikiliza injini kama nilivyokuwa nasikiliza pumzi usiku. Nilijiambia kivuko kikirudi nitapanda. Ilinichukua muda mrefu, muda wa aibu, kuelewa kwamba kivuko kikirudi yule kijana ataniambia zima vilevile. Gari hilo lisingevuka siku ile, likiwa limewaka au limezimika. Nilikuwa nalinda mngurumo tu. Mtu wangu yuko ng'ambo, na mimi nimekaa nauguza gari.

Nikashuka. Ufunguo niliuacha humohumo, likiwa linaunguruma, mlango wazi. Vijana wakaniita, babu gari, babu umeacha gari. Sikugeuka. Kivuko kilichofuata nilipanda na watu wa miguu, nimesimama kati ya matenga ya nyanya, na ng'ambo nikapewa lifti kwenye lori la ng'ombe waliokuwa na kiu wanalia njia nzima. Dereva aliniuliza nafuata nini mjini. Nikamwambia nafuata mke wangu, sijui kama yupo. Akaongeza mwendo.

Saa nane ilikuwa imepita kitambo. Kwenye ile wodi ya mashine nilisimama mlangoni sikuweza kuingia, nahesabu vitanda, nina hofu ya kukikuta kimoja kitupu. Alikuwa kwenye cha mwisho karibu na dirisha. Mipira inatoka mkononi, damu yake inakwenda na kurudi. Mama wa spea alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mtandio umemwangukia mabegani. Alikuwa amegombana na muuguzi kwa ajili ya ile nafasi, alinieleza baadaye, akamwambia huyu ni mama yangu. Muuguzi akamwangalia yeye, akamwangalia mke wangu mweusi ti, akasema haya, mlete mama yako.

Nikainama kwake. Macho amefumba.

"Gari umeliweka wapi?" akauliza.

"Nimeliacha kule. Linaunguruma."

Akavuta pumzi, nzima, bila kukatika.

"Litazimika lenyewe," akasema, akanipapasa hadi akaupata mkono wangu.

Na ndivyo lilivyofanya. Vijana waliniambia liliunguruma mpaka mafuta yakaisha, wakalisukuma chini ya mti wa kivukoni, wakafunga milango na ufunguo wakautunza. Mama wa spea alitutafutia betri nyingine, akanionyesha jinsi ya kuongeza maji yake na kulitafutia gari kivuli. Tulijenga banda la makuti na mabati machakavu. Mke wangu alisema gari sasa limepata nyumba nzuri kuliko yake.

Alivuka nami mpaka mvua zikaja na zikaisha, na kiangazi kilichofuata siku moja mashine yenyewe haikumsaidia tena, na hapakuwa na kitu chochote cha kuwasha wala cha kusukuma. Wakati huo daraja lilikuwa halijafunguliwa bado. Tulimrudisha kwao, kwenda kumzika, kwa kivuko hichohicho. Yule mfanyakazi wa kizibao alikuwa zamu, akaniambia zima gari, mzee, kwa sauti ya chini. Nikazima. Tulipofika ng'ambo liliwaka mara moja.

Lile jiwe lina alama nyeupe pale betri ilipokuwa inavuja. Mvua haijaitoa. Dagaa hatuweki tena upande ule.